Hema halivuji, ni pumzi zenu

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wenu mmoja wa Dar es Salaam aliandika kwamba hema lake jepesi la watu wawili lilimvujia usiku kucha kambini Shira, Kilimanjaro, wakati mvua haikunyesha hata tone, kwa hiyo aliuziwa feki. Barua ile nimeisoma mara mbili. Hema lake ni zima. Maji yale aliyatoa yeye na mwenzake.

Mimi ni mgumu, ndivyo tunavyoitwa sisi wabeba mizigo wa Kilimanjaro, na huu ni mwaka wangu wa tisa mlimani. Wanawake bado tu wachache. Safari yangu ya kwanza tulikuwa wawili kwenye kundi zima, na hakuna aliyewaza tutalala wapi. Tulilala hema la mesi, kwenye kona nyuma ya ndoo za vyombo, tukisubiri wageni wamalize kula na kupiga stori ndipo tuingie. Safari ya tatu, pale geti la Mweka tunaposhukia, mgeni mmoja alituachia hema lake juu ya bakshishi. Kilo moja na gramu mia nane na fito zake. Wanaume wakacheka, wakasema hilo ni chandarua.

Nyumbani nililipima kwa tepu ya fundi cherehani: upana wa kichwani sentimita 130, wa miguuni 107. Godoro la kawaida la mlimani lina upana wa sentimita 51. Ukitandika mawili, miguuni unabakiwa na sentimita tano. Kwa hiyo maandishi ya "watu 2" kwenye mfuko yanahesabu watu wawili walionyooka, mabegi hayamo. Mabegi na viatu vinalala kibarazani, chini ya turubai la nje.

Sasa hayo maji. Usiku wetu wa kwanza kambi ya Barranco tulijifungia kila kitu, zipu hadi chini, na vile vidirisha vya juu tukavibana kwa sababu upepo ulikuwa unaingia. Saa tisa usiku tone likanidondokea jichoni. Nikajua mvua. Nikatoa kichwa nje: nyota tupu, na majani yameganda barafu. Nikafuta turubai kwa kipande cha kanga kuukuu, nikakikamulia kwenye kikombe cha chai. Kikombe kikajaa, na kanga bado inachuruzika.

Ni mfuniko wa sufuria ya wali, hakuna zaidi. Mnapumua, mvuke unapita kwenye neti ya ndani, unakutana na nailoni ya baridi, unageuka maji. Dawa yake ni kuacha vidirisha wazi na zipu ya nje ishuke kiganja kimoja kutoka juu, hata kama meno yanagongana. Baridi kavu utaivumilia. Begi la kulalia la manyoya likishalowa, halikupi joto tena hadi ulianike, na jua la kuanikia kule huna uhakika nalo.

Mvua ya kweli nayo ina hila yake. Nailoni ikilowa inalegea. Umeifunga jioni ikiwa imekaza kama ngoma, saa nne usiku imelala juu ya neti, na hapo ndipo maji yanapenya. Kabla sijalala natoka mara moja kukaza kamba. Na wale wanaotandika plastiki chini ya hema waikunje isichungulie nje ya turubai, maana ikichungulia inakinga maji yote na kuyapeleka chini ya mgongo wako.

Upepo je? Kambi ya Barafu, mita 4,673, ni mawe matupu, kigingi hakiingii. Kamba tunazifunga kwenye jiwe dogo, kisha jiwe kubwa tunaliweka mbele yake kulizuia. "Chandarua" chetu hakijawahi kuondoka. Nimeona mahema mazito yakikimbizwa na wenyewe kwa sababu mtu aliona uvivu kubeba mawe manne. Kambi ya Karanga ni mteremko, hapo shoga yangu analala upande wa chini. Yeye ana mwili kunizidi, na nikiwa chini yeye ndiye anayekuja juu yangu. Tulilijua hilo siku ya kwanza tu.

Na asiniambie mtu kwamba hema jepesi linamwokoa mbebaji. Mzani wa getini unataka kilo zisizidi 20. Hema likipungua kilo tatu, mpishi anaongeza tikiti maji.

Ninachoomba kwa wauzaji, Mhariri, ni kitu kidogo. Badala ya "watu 2", waandike kwa Kiswahili upana wa sakafu kichwani na miguuni, uzito pamoja na vigingi, na idadi ya milango. Hiyo ya milango wengi hawaiulizi dukani. Hema lenye mlango mmoja, anayetaka kwenda haja usiku anampanda mwenzake, na kule juu mnakunywa maji lita tatu kwa siku, hesabu mwenyewe ni mara ngapi.

Letu lilikuja na milango miwili. Tangu msimu uliopita zipu ya upande wa shoga yangu imekufa, fundi wa mjini ameishindwa, na sasa anatokea kwangu.

Mgumu wa Kibosho,
Moshi