Homa ya mgunda haili ini, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya homa ya mgunda (leptospirosisi), ugonjwa wa bakteria wanaotoka na mkojo wa panya, yenye picha ya panya iliyojaa robo ya ukurasa, nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimelitupa gazeti mezani. Nawasoma mwaka wa 17 sasa na sijawahi kuwaandikia, si kwa kuwasifu wala kuwalaumu. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Mmeandika kwamba bakteria wa ugonjwa huu wanakula ini mpaka macho yanageuka manjano, kisha katika sentensi ya mwisho kabisa mkagusia kwamba "figo pia huathirika". Mmeugeuza ugonjwa kichwa chini miguu juu. Umanjano wa macho unatisha, lakini ini la mgonjwa huyu kwa kawaida hupona. Kinachompeleka kaburini mara nyingi ni figo zilizoachwa bila kuangaliwa, au mapafu yanayovuja damu.

Sisemi haya kwa kusimuliwa. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliingia kwenye mtaro ulioziba baada ya mvua kubwa akauzibua kwa jembe, pekupeku, na kisigino chake kilikuwa kimepasuka. Siku ya tisa homa ikampanda ghafla. Mashavu ya miguu yalimuuma hata shuka ikimgusa anapiga kelele, na macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyekesha, bila tongotongo wala kuwasha. Tulikompeleka, kipimo cha malaria kikasema hana, akapewa dawa ya malaria vilevile. Siku tano baadaye macho yakaanza kuwa manjano. Tukahamia kwingine, tukaambiwa ni homa ya ini, apumzike na anywe maji. Mimi nikauliza, na figo je? Nikajibiwa kwa swali: anakojoa? Nikasema anakojoa sana, usiku huamka mara nne. Basi figo ni nzima, nikaambiwa, rudini nyumbani.

Nimeibeba sentensi hiyo moyoni mpaka leo. Nilikuja kuelezwa kosa lake na daktari wa figo, usiku wa manane, kwenye benchi la wodi, na kwa kuwa ninyi hamkulieleza naomba mniache nilieleze mimi. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 kwa siku. Karibu zote hurudishwa mwilini na vijirija vyembamba vilivyo nyuma ya vichujio, na kinachobaki, kama lita moja na nusu, ndicho mkojo. Bakteria wa mgunda, wembamba na waliojisokota kama uzi, wakishapita kwenye ngozi iliyochanika au kwenye utando wa macho na mdomo, husafiri na damu hadi kwenye vijirija hivyo. Ndani ya figo za panya wanaishi humohumo bila kumdhuru, wanatoka na mkojo wake muda wote. Kwa binadamu wanaleta uvimbe katika nyama iliyo kati ya vijirija, na seli zenyewe za vijirija zinaanza kufa. Kazi ya kurudisha chumvi na maji inaharibika mapema. Kwa hiyo mwanzoni wagonjwa wengi hukojoa kama kawaida, wengine kupita kawaida, na katika mkojo huo wanapoteza chumvi na potasiamu. Figo nyingine zikifeli potasiamu hupanda kwenye damu. Hizi zinafeli potasiamu ikiwa chini au ya kawaida, na mtu asiyelijua hilo akitazama karatasi ya maabara anaridhika. Mwili unakauka, shinikizo la damu linashuka, damu inayofika kwenye figo inapungua, kreatinini, taka ya damu ambayo figo nzima huiondoa, inapanda siku kwa siku, na mgonjwa bado anakwenda chooni! Halafu siku moja mkojo unakatika. Kwa mdogo wangu ulikatika siku mbili baada ya kuambiwa figo zake ni nzima, na asubuhi iliyofuata alikohoa damu.

Sasa ini mliloliandikia aya tano. Seli za ini zimeshikana ukuta kwa ukuta, na katikati yake mnapita vifereji vya nyongo. Bakteria hawa wanazilegeza shikizo za seli na seli, nyongo inavuja kuingia kwenye damu, mtu anageuka manjano. Seli nyingi zenyewe ziko hai. Ndiyo maana bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo, ambayo kwa mtu mzima haizidi sana miligramu 1 kwa desilita ya damu, inaweza kupita 30, ilhali vimeng'enya vya ini, vinavyomwagika kwenye damu seli zake zikiumia, kwa kawaida havivuki uniti 200 kwa lita. Katika homa kali ya ini inayoletwa na virusi, vimeng'enya hivyo hupita elfu. Manjano mengi, vimeng'enya vichache, macho mekundu, misuli inayouma na kreatinini inayopanda: ukiyaona pamoja usiseme ini, sema mgunda. Karatasi ya mdogo wangu ilikuwa na yote hayo tangu siku ya kwanza ya umanjano. Ilisomwa mstari mmoja tu, ule wa bilirubini.

Na si kosa jipya hili la kudanganywa na rangi. Mwaka 1886 Adolf Weil, daktari wa Ujerumani, alieleza ugonjwa wenye homa, umanjano na figo zilizodhurika, yote kwa pamoja. Mwaka 1907 Stimson, Mmarekani, aliwaona bakteria hawa kwa hadubini ndani ya vijirija vya figo vya mtu aliyeaminiwa kufa kwa homa ya manjano. Ndani ya figo, Mhariri, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mdogo wangu alisafishwa damu kwa mashine kila siku kwa siku nane huku akichomwa penisilini. Mkojo ulirudi. Ini lilirudi lenyewe, polepole, bila dawa yoyote ya ini. Yupo hai, ingawa kreatinini yake haijashuka kabisa. Aliyelala kitanda cha pili, ambaye naye alikuwa ameletwa kama mgonjwa wa ini, hakufika Ijumaa.

Kuna na jingine linaloniudhi, na halikuwa kwenye habari yenu kabisa. Ule mtaro aliouzibua mdogo wangu, baadaye walikuja watu wenye vifaa wakautoa matope yote, wakayalundika ukingoni, wakaondoka. Matope yaleyale! Watoto wakayafanya uwanja, na mvua ya kwanza ikayarudisha mtaroni. Bakteria hawa huweza kuishi wiki kadhaa kwenye maji na udongo wenye unyevu. Anayezibua mtaro anastahili buti na glavu, na tope linalotolewa lipakiwe na kuondoka siku hiyohiyo. Niliuliza nikaambiwa gari litakuja. Nilihesabu wiki tatu, na katika wiki hizo tatu nilikuwa nikipita hapo kila asubuhi kwenda wodini.

Mlisema ugonjwa ni nadra. Makadirio yaliyochapishwa na watafiti mwaka 2015 ni zaidi ya wagonjwa milioni 1 duniani kwa mwaka, na vifo karibu 59,000. Unaonekana nadra kwa sababu wengi wameandikwa malaria, na wengine ini. Hata kipimo chenyewe kinadanganya kikiharakishwa: kingamwili zinazotafutwa huonekana kwenye damu kuanzia kama mwisho wa wiki ya kwanza ya homa, hivyo aliyepimwa siku ya tatu akaambiwa hana, hajaambiwa kitu. Dawa haina haja ya kungoja jibu hilo. Doksisaiklini kwa aliyeshikwa kidogo, penisilini au seftriaksoni kwa aliyezidiwa, na zifike mapema.

Nawaomba mchapishe marekebisho, ukurasa uleule, ukubwa uleule wa ile picha ya panya. Na kwa wanaopokea wagonjwa nina ombi moja. Kila mwenye homa aulizwe mlangoni: katika siku 30 zilizopita umekanyaga maji ya mafuriko, mtaro au matope, au umeshika mkojo wa mnyama? Jibu liandikwe kwa wino mwekundu juu ya cheti, kabla ya joto la mwili. Akiwa amesema ndiyo, apimwe kreatinini na potasiamu siku hiyo na kesho yake, na apewe jagi lenye alama za vipimo akojolee humo, muuguzi aandike kiasi na saa. Asiulizwe tena kama anakojoa.

Msomaji wenu wa miaka 17