Mvinyo haukuanzia Ulaya

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa kilimo wa juma lililopita ulieleza vizuri shida ya soko la mchuzi wa zabibu, yaani maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye zabibu, nami kama mkulima nashukuru. Lakini kuna sentensi moja ambayo siwezi kuinyamazia, ile inayosema kwamba mvinyo ulibuniwa Ulaya na kuletwa Afrika na wamisionari. Kwa hapa Dodoma ni kweli kwamba mzabibu tulipewa na wamisionari. Kwa Afrika si kweli hata kidogo, na Ulaya yenyewe ilifundishwa na wengine.

Pengine kosa hili linalelewa na lugha yetu, maana neno mvinyo tulilipata kwa Wareno. Tungelisikiliza neno zabibu, ambalo kwa Kiarabu ni tunda lililokaushwa, tungegeuza macho mashariki, na huko ndiko ushahidi uliko. Katika vijiji vya kale vya Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, nchini Georgia, vigae vya mitungi ya miaka 8,000 hivi iliyopita vimekutwa na mabaki ya asidi ya tatariki, ambayo katika nchi zile ni alama ya zabibu. Huko Hajji Firuz Tepe, kwenye milima ya Zagros nchini Iran, mitungi ya zaidi ya miaka 7,000 iliyopita ilikuwa na asidi hiyo hiyo pamoja na utomvu wa mti.

Naomba wasomaji wautazame kwa makini huo utomvu. Yeyote aliyewahi kuacha mchuzi wa zabibu katika ndoo iliyo wazi anajua kinachotokea: unachemka wenyewe bila moto, povu linapanda hadi ukingoni, kisha, ukiendelea kupata hewa, unageuka siki. Mvinyo wa namna hiyo haufiki hata kijiji cha pili. Utomvu ulichelewesha uharibifu, na ulipopakwa ndani ya mtungi uliziba vitundu vya udongo. Kwa maoni yangu, bila ugunduzi huo mdogo pasingekuwa na biashara ya mbali.

Misri ilijiunga mapema sana. Katika kaburi la mtawala mmoja huko Abydos, la mwaka 3150 hivi kabla ya Kristo, inakadiriwa ilikuwamo mitungi 700 ya mvinyo, na waliochunguza udongo wake walisema ilitoka upande wa Palestina na Yordani. Baadaye wafalme hawakuridhika kununua tu, wakapanda mizabibu yao wenyewe katika delta ya mto Nile. Mitungi iliyokutwa katika kaburi la mfalme Tutankhamun, aliyefariki karne ya 14 kabla ya Kristo, imeandikwa kwa wino mwaka wa utawala, shamba ulikotoka mvinyo na jina la mkuu wa watengenezaji, mmoja wao akiitwa Khaa. Huyo ni Mwafrika aliyetia jina lake kwenye kazi ya mikono yake zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Waliousambaza zaidi kwa bahari ni Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanon. Mwaka 1999 wataalamu walichunguza jahazi zao mbili za karne ya 8 kabla ya Kristo, zilizolala kwenye kina cha mita 400 hivi, mbali na pwani ya Ashkelon, katika Israel ya leo, kila moja ikiwa na karibu mitungi 400 iliyopakwa utomvu kwa ndani. Ufaransa, ambayo leo tunaiona kama nyumbani kwa mvinyo, ilianza kwa kuununua kutoka kwa Waetruski, watu wa kale wa Italia, na Wagiriki, kisha kwa Warumi, na biashara hiyo haikuwa safi: mwanahistoria wa kale Diodorus wa Sicily aliandika kwamba Wagauli, wenyeji wa Ufaransa ya wakati huo, walikuwa tayari kumtoa mtumwa mmoja kwa mtungi mmoja.

Pwani yetu nayo imo. Mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari hii, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, anataja bandari ya Rhapta na mashua zake zilizoshonwa kwa kamba, ambazo kwa mtu wa pwani ni ndugu wa mtepe. Anataja mikuki, mashoka na vitu vya kioo vilivyoletwa kuuzwa, kisha anasema kwamba mahali pengine huletwa pia mvinyo kidogo na ngano, si kwa kuuza, bali kwa kujipatia urafiki wa wenyeji. Maana yake ni kwamba mvinyo ulifika Azania, jina la kale la pwani yetu, kama zawadi ya kumlainisha mwenye pembe za ndovu, miaka 1,800 na ushei kabla ya kanisa la kwanza kujengwa Dodoma.

Naomba gazeti liisahihishe sentensi ile katika toleo lijalo, katika ukurasa ule ule wa kilimo, kwa kuwa ndio wakulima wenzangu wanaousoma.

Wako,
Mkulima wa zabibu, Dodoma