Gitaa la umeme lisikatwe mgongo

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum. Makala ya wiki iliyopita kuhusu kukarabati vyombo vya vikundi vyetu vya taarab ilikuwa na mengi ya manufaa, ila ushauri mmoja umetutia hofu: kwamba gitaa kuukuu la umeme lenye matundu mawili ya umbo la f likizimika, seremala alikate mgongo ili fundi afikie waya. Tunaomba sana asithubutu mtu.

Gitaa la namna hiyo si sanduku tupu kama udi. Mama yao ni ES-335, iliyotolewa na kampuni ya Gibson mwaka 1958 huko Kalamazoo, Marekani, chini ya uongozi wa Ted McCarty. Kabla yake, magitaa ya umeme yenye tumbo wazi yalipiga mluzi kila amplifaya ikipandishwa: sauti ya spika hutikisa uso wa gitaa, uso ukatikisa nyuzi, nyuzi zikairudisha sauti ile ile kwenye spika. Mpiga gitaa Les Paul alishaonesha dawa yake mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwa kufunga nyuzi juu ya boriti ya msonobari na kubandika mbavu za gitaa ubavuni. McCarty na wenzake wakaificha boriti ndani. Pande zima la mbao ya mepo linapita katikati ya tumbo, na vijazio vya mbao ya sprusi vinaziba nafasi kati yake na mbinuko wa uso na mgongo. Mabawa mawili tu ya pembeni ndiyo yaliyoachwa wazi. Daraja linalobeba nyuzi na kishikio cha ncha zake vimekaza skurubu zao ndani ya pande hilo, na ndiyo maana mlio unadumu.

Huo mgongo wenyewe ni tabaka tatu nyembamba, mepo, popla na mepo, zilizobinuliwa kwa shinikizo. Ukishaukata, kifuniko bapa hakikai.

Kwanza mmulike kwa tochi kwenye tundu la f. Ukiona ukuta wa mbao karibu, pande lipo. Ukiona mpaka tundu la pili, hilo ni tumbo wazi, mfano ES-330 ya 1959 au Epiphone Casino ya 1961, ambazo kwa sura ni mapacha wa ES-335. Hizo msizifungie kishikio cha nyuzi cha skurubu nene. Hakuna mbao ya kuzishika, na uso utanyanyuka.

Gitaa likikwaruza ukizungusha voliumu, mara nyingi ni kutu tu, kwani hewa yetu ya chumvi hula shaba upesi. Funika uso kwa kitambaa, pitisha mrija mwembamba kwenye tundu la f, nyunyiza kidogo dawa ya kusafishia swichi za umeme, kisha zungusha mara thelathini. Mafuta ya cherehani hapana, yanakusanya vumbi. Dawa isiguse rangi: magitaa ya zamani yamepakwa vanishi ya nitroselulosi, na spiriti au thina huiyeyusha.

Ikiwa sauti bado inakatika, ndipo waya zitolewe, na njia ni tundu la f la upande wa vitufe vya kuzungushia. Legeza nyuzi, piga picha kila kiungo. Ng'oa vitufe kwa kitambaa, si kwa bisibisi, kwani uso utabonyea. Kabla ya kufungua nati, funga mshipi wa kuvulia kwenye kila mhimili: vizungushio vinne (viwili vya voliumu, viwili vya toni), swichi na tundu la jeki la kuchomekea waya wa amplifaya. Mshipi uwe mrefu, ncha yake ibaki nje. Sukuma vyote ndani, vivute kwenye tundu la f, lehemu nje ya gitaa. Vizungushio viwe vya kiloomu 500 na kapasita za mikrofaradi 0.022, ukiweka vya kiloomu 250 mlio utafifia, na lawama zitaangukia pikapu, yaani sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, bure. Kisha vuta mishipi mmoja mmoja, kila mhimili utapanda wenyewe kwenye tundu lake. Asiyefunga mshipi hushinda siku nzima akivua kwa waya.

Na stendi zenye mpira zifungwe kitambaa cha pamba. Mpira ukigusana na vanishi ile kwa wiki kadhaa huilainisha, na alama yake haifutiki.

Mafundi wa magitaa,
Unguja