Jirani tu

Wete, Jumatano usiku

Kwa shoga yangu Zuwena,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, hofu juu yako na watoto na hilo joto la Muscat. Najua ni siku nyingi sijakuandikia na najua utanilaumu, nilaumu baadaye. Habari za kifo cha Bi Mize umeshazipata, maana Time kaniambia alikupigia simu siku ile ile, ukalia hata hamkuweza kuzungumza. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ila lipo ambalo Time hakukwambia, kwa kuwa yeye hakuwemo ndani.

Usiku wa kuamkia siku ile Bi Mize alikuwa kwetu barazani, tunachambua karafuu. Mzima kabisa. Ananicheka kuwa nachambua kama mtu aliyelazimishwa. Akaondoka saa nne na kipande cha mkate wa kumimina ndani ya kanga, cha mjukuu, alisema, na sote tunajua mlaji ni nani. Alfajiri akamtuma mjukuu maji, kifua kinambana. Mtoto anarudi na kata mkononi, bibi keshakwenda zake. Gari ilipofika haikuwa na wa kumpeleka hospitali.

Mama alivuka njia na kanga ya kulalia, miguu mitupu. Sasa sikiliza. Mke wa mwanawe Hamad, huyu wa pili, ambaye tangu aolewe kaja Wete mara mbili, kasimama mlangoni mwa chumba anapanga nani aingie kuosha na nani abaki nje. Akamuuliza mama: "Samahani bibi, wewe nani yake marehemu?"

Mama akajibu: "Jirani tu."

Zuwena, jirani tu! Na mimi nimesimama nyuma yake, ulimi mzito. Ningesema nini? Shoga yake? Neno lenyewe limeshaharibika, ukilitaja mbele ya vijana wanachekana. Wewe unakumbuka Septemba 2011, meli ilipozama Nungwi ikija huku kwetu, na mjomba hatumsikii kwa waliookolewa wala kwa waliozikwa. Bi Mize alihamia kwetu na mto wake. Watu wakija kutoa mkono wanampa mama, wanampa na yeye, na hapana aliyemuuliza mjomba ni nani yake.

Haikupita robo saa, zogo: sanda iko wapi? Kila mtu anajua Bi Mize alishanunua yake zamani, alikuwa akijitapia. Kasha limefunguliwa, kanga zote chini, hamna. Mtu anataka kutumwa dukani. Ndipo jirani tu akasema pale alipojikunyata: "Iko darini, ndani ya kikapu cha kuchumia, imeviringishwa mkekani."

Wakaushusha mkeka, wakaufungua. Zilikuwa mbili.

"Na hii ya nani?"

"Yangu."

Walinunua siku moja, na karafuu maiti yake na udi, na mama akaogopa kuiweka nyumbani kwa sababu ya baba. Unamjua baba na habari za mauti. Basi ya mama ikawa inalala kwa Bi Mize miaka yote hii, na miye mtoto wake sijui! Baada ya hapo hakuna aliyemzuia mlangoni. Aliingia akamuosha shoga yake, akatoka, akarudi nyumbani na sanda yake chini ya buibui. Sasa iko chumbani kwake. Usiku namsikia anafungua, anafunga. Miye usingizi ndio basi tena.

Siku yenyewe mvua ilishuka wakati jeneza linatoka, na karafuu zetu ziko juu ya majamvi, hakuna wa kuzianua. Zimeharibika nusu. Bi Mize angekuwa hai angetutukana mpaka Chake Chake kusikike.

Redioni wakatangaza: mama wa Hamad, dada wa fulani, shangazi wa fulani na fulani wa Konde na Micheweni. Mama kaikumbatia redio mpaka wakaingia kwenye vifo vya wengine. Hakusema kitu. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, kila mtu anajua ana msiba. Huyu mama yangu watu wanampa pole ya mlangoni, kisha wanauliza karafuu kilo bei gani mwaka huu. Na hata mimi siku ya khitma nilimwambia "mama, kula basi", kama vile shida ni njaa.

Sasa shida yangu kwako. Ile picha ya harusi yako, walipokaa jamvini wawili, Bi Mize kafumba macho na mama anamnong'oneza. Hapa hatuna hata moja, unajua alivyokimbia kamera. Usinitumie kwenye simu. Mama anataka cha kushika. Isafishe, umpe mtu anayekuja.

Unayo bado? Au ilibaki kwa mama mkwe wako? Yupo anayekuja kabla ya arobaini? Na wewe mwenyewe, unalala? Unakula? Utampigia mama lini? Ukipiga usimpe pole haraka haraka, mwache aseme yeye kwanza, hata akianza na kuku.

Ananiuliza sasa hivi namwandikia nani. Nimemwambia. Anasema nikuulize ule mkeka wa ukili aliokuazima Bi Mize ulipoondoka, uko wapi, maana deni la maiti yeye analijua, na wewe hujaurudisha.

Wasalaam,
Shoga yako,
Riziki