Kabla ya tafakuri, pangeni zamu za jikoni

Mhariri,

Wanaotaka kuanzisha jumuiya ya kuishi pamoja, wajijenge kiroho na kiutu, karibu wote huanza kwa kusaka shamba na mwalimu. Ni kuanza kwa mguu mbaya. Jumuiya hizi hazifi kwa upungufu wa tafakuri. Huuawa na ugomvi wa vyombo vichafu, fedha, na kiongozi asiyeambiwa hapana.

Rajneeshpuram, jumuiya ya wafuasi wa mwalimu wa Kihindi Rajneesh (Osho) huko Oregon, Marekani, ilianza mwaka 1981. Tafakuri haikukosekana pale. Hata hivyo, mwaka 1984 baadhi ya viongozi wake walitia bakteria wa salmonela kwenye saladi za migahawa ya mji jirani ili wapiga kura waugue wasifike vituoni. Watu 751 waliugua, na mwaka uliofuata jumuiya ikasambaratika.

Jumuiya ya Twin Oaks ya Virginia, Marekani, iliyoanza 1967, ingali hai. Haina mwalimu mkuu, ina daftari la kazi. Kupika na kulea watoto huhesabiwa saa kwa saa sawa na kazi ya kuingiza fedha, hivyo hakuna anayejificha nyuma ya "mimi nina shughuli muhimu zaidi". Mgeni hukaa wiki 3 kabla ya kuomba uanachama, na akikubaliwa huwa kwenye majaribio miezi 6.

Kuhusu fedha, andikeni mapema ardhi ni ya nani na anayeondoka anarudishiwa nini. Ni heri ardhi iwe chini ya udhamini, na mchango wa kuingia uwe mkopo usio na riba, ulipwe kwa awamu. Wawili wakiondoka kwa hasira mwezi mmoja na kudai chao chote kwa mkupuo, mtauza shamba.

Kikao cha kazi na kikao cha moyo, yaani cha kusemeana hisia, visichanganywe kamwe. Mkivichanganya, hoja ya bomba linalovuja itageuka kilio cha nani hapendwi, na bomba litaendelea kuvuja. Katika kikao cha moyo keti duara, watu 8 hadi 12. Kila mmoja apewe dakika 3 au 4 na asijibiwe wala kushauriwa. Plum Village, jumuiya iliyoanzishwa na mtawa wa Kibudha Thich Nhat Hanh huko Ufaransa, hutanguliza shukrani kwa mwenzako, kisha unataja kosa lako, ndipo unasema kilichokuumiza. Ukianza na maumivu, mwenzako hujihami na masikio huziba.

Kauli moja kwa kila jambo nayo ni mtego, maana mbishi mmoja huwafunga wote. Afadhali utaratibu aliousuka mhandisi Gerard Endenburg wa Uholanzi: pingamizi husikilizwa likiwa na sababu inayogusa lengo la wote, pendekezo hurekebishwa, kisha hujaribiwa. Wekeni tarehe ya kulipitia upya, tuseme baada ya miezi 3. Mwanzilishi azungumze wa mwisho, na asiongoze kikao cha kuamua.

Msomaji wenu