Mwanangu, mtoto atakaa wapi?

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na habari ya bisi za karameli pia. Kuuza pale bustani ya Mama Ngina, ufukweni Mombasa, siku za Idi ni wazo zuri, na hesabu zako ni safi kuliko zangu. Lakini umeniandikia bei ya mifuko, umeniandikia rangi ya utepe, hukuniandikia mtoto atakaa wapi ukipika. Chumba ni kimoja na meko iko sakafuni, kimo cha mtoto kabisa.

Shira hii ya karameli si kama ya kaimati. Maji huchemka nyuzi 100. Hii hupita 120, na ikikurukia haitiririki, hung'ang'ania ngozi ikaendelea kuipika. Ya mkono wa babako huna haja nikukumbushe. Nilikuwa nikikufukuza jikoni kila sukari ilipokuwa motoni, na pengine ndiyo maana leo huiogopi.

Mahindi yawe ya bisi. Ya ugali hayafutuki. Nunua dukani panapouzika haraka, kwani punje hupasuliwa na mvuke wa maji yaliyo ndani yake, na ikikauka sana hubaki jiwe. Nusu kikombe kwa vijiko vitatu vya mafuta. Kifuniko kiachie upenyo, mvuke ukifungiwa bisi huwa kama mpira. Kisha zichambue kwenye ungo, punje kwa punje. Meno ya watu hayo.

Sukari ya brauni kikombe kimoja, siagi gramu 115, asali robo kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai. Koroga mpaka siagi iyayuke. Ikianza kuchemka, toa mwiko, uiache dakika tano kwa moto wa wastani. Ukiikoroga hapo, chembe zilizoganda ubavuni mwa sufuria huingia na shira yote hugeuka mchanga. Epua, tia nusu kijiko cha chai cha bekingi soda na iliki kidogo.

Hapo ndipo roho yangu ilipo. Soda ikigusa tu, shira hufura ghafla, na sufuria fupi humwaga. Usiiache soda, povu lake ndilo linalofanya karameli ivunjike kwa meno isinate. Lakini sufuria iwe ndefu, na mtoto awe nje ya mlango. Si kitandani, si mgongoni. Nje.

Na mfereji wenu haukosi kukauka, kwa hivyo ndoo ya maji ijae kabla hujawasha moto. Mtu akiungua, maji ya baridi dakika 20. Sukari iliyoganda usiibandue, wala usipake dawa ya meno wala yai, hata shoga zako waseme nini.

Bisi ukishazichanganya na shira zinataka oveni, nyuzi 120, dakika 45, ukizigeuza kila dakika 15, nawe huna. Basi njoo upikie hapa. Zikipoa kabisa zitie kwenye mikebe ya kufunga siku hiyo hiyo. Sukari huvuta unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani usiku mmoja watosha kuziharibu.

Njoo Alhamisi baada ya alasiri, na unirudishie ungo wangu. Paa la uani bado linavuja, fundi ameahidi tena, kwa hivyo mikebe tutaipanga sebuleni. Mtoto mlete. Nitakaa naye barazani mpaka umalize.

Mamako