Shukrani kwa dada wa maktaba ya Mlimani

Dada, jina lako sikuuliza na namba yako sina, kwa hiyo asante yangu naitoa hadharani. Ulinikuta maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nikinakili vitini vya semina kuhusu Operesheni Vijiji, ile kampeni ya serikali ya Tanzania ya miaka ya 1970 ya kuwahamishia watu wa mashambani kwenye vijiji vya pamoja. Ukavuta kiti, ukauliza: "Agizo la Novemba 1973 linataka watu wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Ungekuwa mkulima, ungeuliza nini kwanza?" Nikabaki kutoa macho.

Ukanipa karatasi tupu nichore kijiji: nyumba kwa mstari, kisima, shule, zahanati. Kisha ukaniambia niongeze shamba la zamani, kule mbali, na nikadirie mwendo wa mama mwenye mtoto mgongoni anayekwenda kupalilia. Huduma zimesogea, shamba limekimbia! Wala hukuniambia hoja ipi ishinde. (Wahadhiri wetu ni wazuri, ila ukumbi uliofurika hauna nafasi ya kuchora.)

Siku hizi nikishika ripoti yoyote natafuta kwanza nani hakuulizwa, na wenzangu wa semina wananiita mkaguzi. Ukiyaona haya, dada, chai na chapati za kantini ni juu yangu.